Kombaini za kuvuna mpunga zimejaa bonde la Usangu, Mbeya, vibarua hawaitwi tena, na mchele bei iko palepale. Hiyo tofauti inakwenda kwa nani?

#1 Jaruba la Tatu
Habari za jioni wakuu.

Nalima mpunga Ubaruku, ekari tatu za kukodi. Nina hesabu inaninyima usingizi, naomba mnisaidie.

Zamani ekari moja ya mpunga nilikuwa naita watu wanane wenye mundu. Siku nzima wanakata, kesho yake wanapiga kwenye turubai, halafu kina mama wanapepeta wakisubiri upepo. Katikati hapo ugali na maharage juu yangu, na usiku lazima mtu alale juu ya lundo, la sivyo asubuhi unakuta turubai tupu. Ukijumlisha yote ni kama laki mbili kasoro.

Msimu huu kombaini imeingia saa nne asubuhi, dereva na utingo wake. Ekari moja haikufika saa nzima, mpunga unatoka umeshapigwa, unaingia kwenye gunia. Nimelipa laki na ishirini kwa ekari. Sikupika, sikulala shambani.

Sasa jamani: gharama yangu imeshuka, wale wanane hawakupata kitu, na mchele pale soko la Mwanjelwa, Mbeya mjini, haujashuka hata shilingi. Na mimi mwenyewe mwisho wa msimu mfuko ni uleule wa miaka yote. Mkulima hana, kibarua hana, mlaji hana. Nani anayo?

Nawasilisha.

#2 Ndizi Mzuzu
Umekula wewe, acha kutuzungusha. Tuanze kukusachi.

#3 Kijana wa Mafiati
Jibu rahisi. Kombaini ni ya nani? Siyo ya kwako wala ya jirani yako. Ni ya mtu mwenye duka mjini ambaye hajawahi kukanyaga tope. Zile hela za watu wanane zilikuwa zinabaki Ubaruku: zinanunua sabuni, zinanunua madaftari, zinaingia kwa mama ntilie. Sasa zinapanda basi siku hiyohiyo. Anayemiliki chuma ndiye anayekula. Uzi ufungwe.

#4 Dereva wa Matope
Kijana wa Mafiati, taratibu kaka. Mimi naendesha hizo mashine msimu wa tano huu, wewe umeziona barabarani zikiwa zimepandishwa kwenye lori.

Bosi wangu alikopa kuinunua. Mashine inafanya kazi miezi miwili, mitatu ikizidi, halafu inakaa chini ya turubai hadi mwakani, lakini rejesho la benki halikai chini ya turubai. Mkanda ukikatika katikati ya jaruba unasubiri spea kutoka Dar siku mbili, wateja wamekukimbia. Visu vinakula mawe. Dizeli usiseme. Msimu wa juzi bosi aliuza kiwanja ili mashine isichukuliwe. Kwa hiyo kama kuna mtu anakula, mtafuteni benki na dukani kwa spea.

#5 Kijana wa Mafiati
Bosi kuuza kiwanja maana yake alikuwa na kiwanja cha ziada. Wale wanane wauze nini?

#6 Ndizi Mzuzu
😂😂 Hapo dereva kazimika gia.

#7 Mama Tumaini
Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba.

Mimi ni mmoja wa hao wanane mnaowasema. Siyo Ubaruku, ni upande wa Chimala, lakini mambo ni yaleyale. Mnazungumzia ujira tu. Ujira ulikuwa nusu ya jambo. Nusu nyingine ilikuwa kuokota. Mkishakata na kupiga, mwenye shamba anawaachia mpunga uliobaki chini, mnapita na ufagio na ungo. Mimi kwa msimu nilikuwa natoka na debe nne, tano, za kuokota tu, na ndizo zilizokuwa zinatuvusha mpaka Desemba.

Sasa hivi tunafuata nyuma ya kombaini. Ikipita inaacha mstari wa majani, unayainua, unayakung'uta, unakuta punje chache zimenasa. Dereva mzuri anaiseti vizuri haiachi kitu. Dereva mbaya anamwaga, na sisi tunamwombea Mungu ampe maisha marefu. Halafu mkichelewa kidogo ng'ombe wameshaingia.

Sina ugomvi na mashine. Mgongo wangu unaijua ile mundu. Ila nilitaka mjue.

#8 Dereva wa Matope
Shikamoo mama. Nikija Chimala nitaiseti vibaya kidogo. Bosi asione bandiko hili.

#9 Mzee wa Rujewa
Mtoa mada umeandika kama kombaini zimekuja jana. Siyo kweli. Shamba la Mbarali, lile la NAFCO, shirika la umma la kilimo, lililojengwa kwa msaada wa Wachina miaka ya 70, lilikuwa la mashine tangu mwanzo. Sisi tulikuwa watoto tunakimbia nyuma yake. Tofauti ni kwamba lilikuwa shamba la serikali, na mtu aliyekosa kazi ya mundu alikuwa na ndugu yake karakana, mwingine kwenye mifereji, mwingine kinuni. Mashine ilikuwa na watu wengi nyuma yake. Hizi za sasa zina dereva na utingo. Baadaye mashamba yale yakauzwa kwa watu binafsi, hayo mnayajua.

#10 Jaruba la Tatu
Asante mzee, nasahihishwa. Nilimaanisha kombaini za kukodi kwa sisi wa ekari mbili tatu.

#11 Mwl. Mstaafu Iringa
Kamwene.

Hili mnalolijadili limewahi kutokea karibu kwa kila kipengele. Mwaka 1830, jimbo la Kent huko Uingereza, mashine ya kupura nafaka ilikuwa imeshaingia mashambani. Kupura kwa mikono ndiyo ilikuwa kazi ya kibarua wakati wa baridi, shamba likiwa limelala. Mashine ikaichukua hiyo miezi. Vibarua wakaanza kuzivunja usiku, na matajiri wakawa wanapokea barua za vitisho zenye jina la Kapteni Swing, mtu ambaye hakuwepo. Serikali iliwanyonga 19 na mamia wakapelekwa Australia kutumikia vifungo. Lakini wapo wakulima walioamua wenyewe kuiweka mashine kando, kwa woga au kwa aibu. Nami huwa najiuliza ni lipi lilitangulia.

#12 Malafyale Mdogo
Mwalimu hao si ndio wale Waludi? Tulisoma kidato cha tatu.

#13 Mwl. Mstaafu Iringa
Hapana, mwanangu. Wale ni wafumaji na wasusi wa soksi, walianzia Nottingham mwaka 1811. Bunge likapitisha sheria ya 1812 kwamba anayevunja mtambo wa kufumia adhabu yake ni kifo. Hawa wa Swing ni vibarua wa mashambani, miaka 19 baadaye. Kidato cha tatu ulikuwa unakaa nyuma.

#14 Malafyale Mdogo
Nilikuwa karibu na dirisha, Tukuyu mvua hainyamazi mwalimu asikike.

#15 Chai ya Mufindi
Wa mpunga mna afadhali, kazi yenu ni ya msimu. Kwetu chai inachumwa mwaka mzima, kwa hiyo mashine ikiingia imeingia kwenye mwaka wako wote.

Mama yangu alichuma kwa vidole, analipwa kwa kilo. Ikaja mikasi yenye kimfuko. Kisha ikaja mashine ya kubebwa na watu wawili, mmoja huku mmoja kule wa mstari, inaunguruma, majani yanaingia kwenye mfuko mrefu unaoburuzwa nyuma. Angalieni nani ameishika: vijana wa kiume. Kuchuma ilikuwa kazi ya kina mama, kwa sababu walisema vidole vyao vinachagua majani mawili na chipukizi. Mashine haichagui kitu, inanyoa.

Na msiniambie mshahara mkubwa ndio uliowafukuza. Kima cha chini cha kilimo kwa amri ya 2013 kilikuwa 100,000 kwa mwezi. Amri ya 2022 ikakifikisha 140,000. Kwa hela hiyo bado mtu aliona mashine ni nafuu.

Wenzetu wa Kericho, Kenya, mwaka 2021 walizitia moto hizo mashine.

#16 Kaka Kompyuta
Kericho ni Mei 2023 mkuu, siyo 2021. Kulikuwa na polisi, na kuna mtu alipoteza maisha.

#17 Chai ya Mufindi
2023, sawa. Nashukuru.

#18 Ndizi Mzuzu
Chai ya Mufindi anatuletea chai 😂 samahani dada, nilishindwa kujizuia.

#19 Mbao Mafinga
Mnalia sana. Njooni Mafinga muone upande wa pili.

Zamani mbao zilipasuliwa kwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo mmoja ndani ya shimo, wa chini anakula vumbi. Zikaja dingdong. Kwa wasiojua: ni kile kimashine cha kupasulia mbao kinachovutwa mpaka msituni kwenye miti. Wale wa shimoni wakaisha, kweli. Lakini dingdong moja ina mwendeshaji, wa kusukuma gogo, wa kupokea mbao, wabeba mbao hadi barabarani, mpishi. Na kwa sababu mbao zimekuwa nyingi, watu wakaanza kupanda miti hadi nyuma ya choo. Viwanda vya kumenya magogo kuwa karatasi za plaiwudi navyo vikaja, kina mama wengi wanaanika zile karatasi juani kama wanavyoanika nguo.

Shida ya Usangu siyo kombaini. Shida ni kwamba mpunga wenu haukuongezeka. Maji ni yaleyale, ekari ni zilezile. Mashine ikiingia mahali ambapo kazi haikui, lazima itoe mtu.

#20 Kijana wa Mafiati
Wabeba mbao wa dingdong wana mkataba? Wakikatwa kidole nani analipa?

#21 Mbao Mafinga
Hapo umenikamata.

#22 Bibi Shamba
Nimesoma tangu mwanzo, nacheka peke yangu. Mtoa mada, swali moja tu: hizo ekari tatu unakodi kwa shilingi ngapi? Na kabla ya kombaini ulikuwa unakodi kwa ngapi?

#23 Ndizi Mzuzu
Ooooh. Ngoja nivute kigoda.

#24 Mtoto wa Ubena
Wakati tunamsubiri mtoa mada. Babu yangu mzaa baba alitoka Njombe akaenda Tanga kwenye katani. Manamba. Walikuwa wanaitwa hivyo kwa sababu ya namba, jina lako halina kazi. Unapewa kipande chenye siku thelathini, ukimaliza kazi ya siku kinawekwa alama. Hukumaliza kipimo, siku hiyo haipo. Ubena, Ukinga na kwingineko huku nyanda za juu kulikuwa ghala la watu wa kuchukuliwa, ndiyo maana mashamba makubwa hayakuwekwa kwetu zamani zile. Wanyakyusa wao walikwenda Wenela, migodi ya Afrika Kusini, mpaka Uhuru ulipofunga huo mlango.

Ninachotaka kusema: katani haikuuawa na mashine iliyoletwa shambani. Iliuawa na kamba ya plastiki iliyotengenezwa viwandani mbali kabisa. Bei ikaporomoka miaka ya 60, na babu hakuwahi kuiona hiyo kamba mpaka alipokuwa mzee. Kwa hiyo nyie mnaokesha mnaitazama kombaini, inayoweza kuwamaliza hamjaiona bado.

#25 Mzee wa Rujewa
Baba yangu alirudi Wenela na baiskeli na gramafoni. Gramafoni ilidumu kuliko mapafu yake.

#26 Dalali Mstaarabu
Kabla sijatukanwa: ndiyo, mimi ni dalali, soko la mpunga Igurusi.

Bei ya mchele haipangwi na gharama ya kuvuna, ndugu zangu. Inapangwa na lori linaloelekea wapi. Lori la Tunduma, kule mpakani, likija na hela, bei inapanda hata kama mmevuna kwa miujiza. Na mchele kutoka nje ya Afrika Mashariki una ushuru wa asilimia 75, Kenya wao wakajiwekea 35. Mlaji wa Mwanjelwa anashindana na mlaji wa Nairobi, anashindana na wa Kongo. Kombaini yako Ubaruku haijulikani huko.

#27 Malafyale Mdogo
Na lumbesa je? Gunia lenye kofia kubwa kuliko kichwa. Mkulima anauza gunia mia, wewe unapata mia na ishirini. Tofauti anayoitafuta mtoa mada iko kwenye kofia ya gunia lako.

Halafu mtuambie na ule mchele wa Usangu unaolala kwenye gunia la Usangu na kuamka kwenye gunia lililoandikwa Kyela, mchele wenye jina.

#28 Dalali Mstaarabu
Hilo la Kyela sina maoni.

#29 Ndizi Mzuzu
Amejikausha 😂😂😂

#30 Jaruba la Tatu
Wakuu nimerudi, nilikuwa kwenye maji, zamu yetu ilikuwa usiku.

Bibi Shamba, nimekaa na daftari kwa ajili yako. Nilipoanza nilikodi kwa gunia tatu kila ekari, unalipa ukishavuna. Mwaka kombaini zilipokolea mwenye shamba akasema gunia nne. Sasa ni tano, na anataka pesa taslimu kabla sijapanda, anapiga hesabu kwa bei ya gunia la Januari. Nilipomlalamikia aliniambia hivi: "Siku hizi unavuna siku moja, hupotezi punje, hulishi watu. Kwa nini isipande?"

Sikuwahi kuunganisha.

#31 Bibi Shamba
Basi. Umeokoa kama elfu sabini kwa ekari, ukapeleka gunia mbili zaidi kwa mwenye ardhi. Hata wewe umechangia kutoka mfukoni.

#32 Mwl. Mstaafu Iringa
Bibi Shamba, ndaga fijo (asante sana), ingawa mimi si Mnyakyusa. Kuna Mwingereza aitwaye David Ricardo alieleza jambo la namna hiyo mwaka 1817: kilimo kikileta ziada na ardhi ni ya kugombaniwa, ziada inahamia kwenye kodi ya ardhi. Huyohuyo mwanzoni aliamini mashine inamfaa kila mtu. Toleo la tatu la kitabu chake, 1821, akaongeza sura nzima kusema alikosea, kwamba mashine inaweza kumuumiza kibarua kweli. Namheshimu kwa hilo. Wachumi wachache hurudi kuandika sura ya kujikosoa.

#33 Kijana wa Mafiati
Kwa hiyo tunarudi palepale, mwenye mali ndiye anayekula. Nilisema bandiko la tatu.

#34 Dereva wa Matope
Ulisema mwenye kombaini. Mwenye ardhi ni mwingine. Usibadilishe goli.

#35 Mbao Mafinga
Na mwenye ardhi naye pengine ni mjane mwenye ekari tatu hizohizo, anaishi kwa kodi kwa kuwa hana nguvu za kulima. Mtoa mada tuambie ni nani.

#36 Jaruba la Tatu
Ni mwalimu mstaafu. Anasomesha wajukuu wawili Mbeya mjini.

#37 Mwl. Mstaafu Iringa
Siyo mimi. Mimi niko Iringa.

#38 Ndizi Mzuzu
Mwalimu mbona umejibu haraka hivyo 😂

#39 Wakala wa Kabwe
Mimi nitoe ushahidi wa upande wa simu. Huduma ya kutuma pesa kwa simu ilipoingia nchini 2008 wengi tulidhani ni ya matajiri. Mimi ilinipa kazi. Nilikuwa mpiga debe stendi, nikaweka meza na mwavuli, kamisheni ikanijengea chumba na sebule. Hakuna mashine iliyonifukuza, ilinichukua.

Sasa hivi mteja anahamisha mwenyewe toka benki kwenda kwenye simu, analipa dukani kwa namba, haji kwangu. Na kila kona kuna mwavuli. Kwa hiyo ile kazi teknolojia iliyonipa inaipunguza polepole, bila kelele. Sijui nimwendee nani kulalamika, sina bosi.

#40 Kaka Kompyuta
Wakala umenigusa. Nimemaliza chuo hapa Iringa, kompyuta. Tuliambiwa sisi ndio tutakaoshika mashine. Kazi ninayoifanya sasa ni kuonyesha programu picha: hili ni gari, huyu ni mtu, hii ni kivuli. Nalipwa kwa kila picha, nisipofikisha kipimo kazi nzima inarudishwa. Januari 2023 jarida la Time liliandika habari za vijana wa Nairobi waliokuwa wakichuja maandishi machafu ili programu ya ChatGPT ijifunze adabu, chini ya dola 2 kwa saa. Niliposoma bandiko la Mtoto wa Ubena kuhusu kipande nikaangalia skrini yangu. Sina jina humo, nina namba.

#41 Mtoto wa Ubena
Manamba wa intaneti. Pole mdogo wangu. Angalau babu alikuwa anamwona nyapara uso kwa uso.

#42 Mama Tumaini
Mwanangu Kaka Kompyuta, kwa picha wanakupa ngapi? Mtu asiyesoma sana anaweza?

#43 Kaka Kompyuta
Mama, nitakutumia ujumbe pembeni. Usije ukatoa hela ya kujiunga kwa mtu yeyote, kuna matapeli.

#44 Malafyale Mdogo
Tukitaja ardhi na mashine huku kwetu tusiiruke Ismani. Wenye matrekta na mahindi walikuwa na maelfu ya ekari, wengine wakawa vibarua wao. Ujamaa ulipokuja kugawa ardhi, Desemba 25, 1971 Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, akauawa na mkulima Saidi Mwamwindi. Watu walikuwa tayari kwa lolote juu ya swali hilihili la nani anakula.

#45 Mzee wa Rujewa
Wewe ulikuwepo? Mambo ya Ismani yana pande nyingi, na ardhi yenyewe ilikuwa imeshaanza kuchoka kwa mahindi ya kila mwaka. Usilete nusu.

#46 Msimamizi
Ismani ina uzi wake jukwaa la historia, kurasa 60. Hapa tubaki kwenye mpunga.

#47 Bibi Shamba
Jaruba la Tatu, mwakani nendeni wakodishwaji wote kwa pamoja mkapange bei ya ekari. Mmoja mmoja atawabana.

#48 Jaruba la Tatu
Nimejaribu. Kuna mtu amekuja toka mjini na gari, amelipa gunia sita kwa ekari ishirini, taslimu. Ana kombaini yake mwenyewe.

#49 Kijana wa Mafiati
🙋🏾‍♂️ Bandiko la tatu.

#50 Dereva wa Matope
Samahani kuingilia mada. Nipo jaruba la chini hapa Igurusi, jana mtu kafungulia maji usiku, kombaini imezama mpaka kwenye sakafu. Trekta limekuja likazama nalo. Natafuta watu kumi na tano wenye majembe na magogo waje kuinasua kabla ya saa nne, bosi yuko njiani. Mwenye namba za watu anitumie.

#51 Mama Tumaini
Sisi tupo tisa hapa barabarani na majembe tunayo. Unalipa kwa kichwa au kwa mashine?

#52 Dereva wa Matope
Kwa kichwa mama.

#53 Mama Tumaini
Kiasi gani? Na chai ya asubuhi ipo? Zamani tulikuwa tunapewa.